Paneli za rokiwuli na kanga: chumba cha muziki kimetulia kwa bei nafuu

Chumba ninachosikilizia muziki kipo Dar es Salaam, na kimejengwa kama vyumba vingi vya huku: tofali za saruji, marumaru sakafuni, jipsamu juu, dirisha la aluminiamu. Ukipiga kofi moja unasikia trrr, ukuta huu unaurushia ule. Ukiweka rumba humo, magitaa mawili yanakuwa bonge moja na maneno ya mwimbaji yanamezwa.

Nilijaribu kwanza zile sponji nyeusi zenye vipembe zinazouzwa kwa pakiti. Kwenye picha zinapendeza kweli. Lakini unene wake ni sentimita 2.5, kwa hiyo zinashika sauti za juu tu. Matoazi yalififia, besi ikabaki inavuma vilevile, na gundi ikashindwa na joto letu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, maana yake wimbi la besi la hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita sita. Sponji nyembamba kama chapati italizuia wapi? Trei za mayai ndiyo kabisa, usihangaike nazo: hazinyonyi cha maana na zinashika moto upesi.

Kilichonifaa ni paneli za kutengenezesha. Fundi seremala alinipigia fremu za sentimita 120 kwa 60, kwa mbao za inchi moja kwa nne. Ndani tukapanga tabaka mbili za rokiwuli, ile pamba ya mawe wanayofungia mabomba ya moto, kila tabaka sentimita 5. Vaa glovu, barakoa na shati la mikono mirefu, maana inawasha vibaya. Juu tumefunika kanga za pamba, alizochagua mke wangu, na wageni wanadhani ni mapambo. Kabla ya kufunika, weka mdomo kwenye kitambaa upulize: pumzi ikipita bila taabu, na sauti itapita.

Pa kutundika hapakisiwi. Kaa kwenye kiti chako, mtu atembeze kioo ukutani. Popote utakapoiona spika kwenye kioo, hapo ndipo pa paneli. Ziache mbali na ukuta sentimita tano hivi, ile nafasi ya hewa inasaidia kushika sauti za chini zaidi, na ukuta haupati ukungu.

Tangu paneli mbili za pembeni zipande, ile trrr imekwisha na mwimbaji anasimama katikati ya spika, magitaa kila moja upande wake. Besi imepungua kelele, haijakwisha. Chumba kina urefu wa mita nne, na noti za karibu hezi 43 zinarundikana kwenye kuta za mwisho. Kusogeza kochi kutoka ukuta wa nyuma kulisaidia kuliko paneli yoyote, tena bure.

Mapazia mazito sikuyaweka. Kwa joto la Februari, nani atakaa humo? Na kuhusu kelele kwa jirani, mtu asikudanganye: paneli hizi zinatuliza sauti ndani ya chumba, hazizuii isitoke nje.

Kama sebule yako tayari ina zulia nene na makochi ya kitambaa, tengeneza mbili za pembeni kwanza, usikilize, ndipo uamue kama utaongeza za kwenye kona.