Half of a Yellow Sun: vita vilivyoingilia jikoni

Nakala yangu ya riwaya hii niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba Posta, shilingi elfu kumi na mbili baada ya kubembelezana sana. Gundi imekufa, kurasa zinachomoka, nimezifunga kwa mpira. Sijutii hela yangu.

Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, alikitoa kitabu hiki mwaka 2006, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Orange, ile ya Uingereza ya riwaya za wanawake. Ni habari ya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria likaingia vitani, 1967 hadi 1970. Jina hilo nililisikia kwa baba tu: Aprili 1968, Tanzania ilipokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, yeye alikuwa mwanafunzi, na mwalimu wao akawachorea ramani ubaoni.

Nilitegemea mizinga. Nikakutana na Ugwu, kijana wa kijijini aliyeletwa Nsukka, mji wa chuo kikuu, kumtumikia mhadhiri wa hesabu. Siku ya kwanza anatia vipande vya kuku mfukoni akiwawazia ndugu zake. Baadaye anaunguza soksi ya bosi wake kwa pasi. Nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakanitazama. Kumbe ndipo mwandishi anapokutega. Vita vikifika unavipima kwa chungu. Nyumba iliyokuwa ikijaa wageni, pilipili na mabishano ya siasa, inafikia kupanga foleni ya msaada wa unga wa mayai, na Olanna, mpenzi wa mhadhiri, aliyesoma London, anaporwa kopo moja la nyama na askari wa upande wake mwenyewe.

Kuna kibuyu kwenye treni, sitakieleza. Ukifika hapo funga kitabu, kanywe maji.

Lawama ninazo. Richard, yule Mwingereza, kila akianza kuwaza nilikuwa nahesabu kurasa zilizobaki. Na hadithi inaruka, miaka ya sitini mwanzoni, mwishoni, halafu mwanzoni tena; nilidhani ni kurasa zangu zimechanganyika. Lakini mwandishi hakumwonea haya Ugwu. Akishakamatwa kupelekwa jeshini, anachofanya kwa yule binti wa baa nilimkasirikia kama mdogo wangu wa tumbo moja, na hadi leo sijamsamehe.

Sasa kitabu kiko kwa baba, Morogoro. Jana usiku kanipigia: "Mama, huyu Kainene, pacha wa Olanna, aliyevuka kwenda upande wa adui kutafuta vyakula, anarudi?" Nikamwambia asome tu. Mpira wa kufungia ameshaupoteza.