Spoketi imenifanya niichukie pikipiki yangu, halafu tena basi

Jamani nimechoka. Hii pikipiki nina kama miaka miwili nayo hivi na kilichonichosha siyo injini, ni spoketi ya nyuma. Iliyokuja nayo ilidumu sana, nikanunua nyingine, ikaingia vizuri kabisa, matundu yote ya bolti yamekutana mpaka fundi akasifia. Haijaisha hata miezi mitatu nasikia cheni inaruka ka! ka! ka!, kuinama naona meno yamelala upande mmoja, yamechongoka kama ya papa. Nikairudisha, nikajua hata pole nitapewa. Muuzaji hata hajaishika, macho kwenye simu, eti "Bosi, pikipiki yako yenyewe kopi, spea orijino ya nini?" Mbele za watu! Nikabaki mdomo wazi.

Kinachouma ni kwamba hajadanganya. Nilifuta grisi kwenye injini nikasoma 162FMJ, nikaenda kwenye ya jirani, jina jingine kwenye tangi, stika nyingine, 162FMJ. Hiyo 1 ni silinda moja, 62 ni upana wa pistoni kwa milimita. Babu yao ni Honda CG125 ya 1976, ile ya pushirodi (vijiti vya chuma vya kusukuma vali), viwanda vya Chongqing huko China vikaifungua vikagawana vipande, huyu kabureta, yule fremu, mwingine shokapu, kila mmoja anashika vipimo vya pale kipande chake kinapokutana na cha mwenzake, basi. Ndiyo maana kila kitu kinaingia. Ila chuma kama kigumu au laini kama mshumaa, tundu la bolti halikuambii.

Na kopi siyo tusi hivyo, mbona 2001 Honda wenyewe waliingia ubia na Sundiro, kampuni ya China iliyokuwa ikiwaiga!

Nilishaamua kuiuza. Juzi juzi waya wa klachi ukakatika usiku njiani, akasimama jamaa ana pikipiki ya jina jingine kabisa, chini ya siti ana waya wa akiba, tukaufunga kwa tochi ya simu ukakaa kama ulizaliwa humo, nikaondoka. Kwa hiyo siiuzi. Nyota tatu, au nne, sijui. Muuzaji sifuri. Spoketi yake bado iko kwenye begi langu, siku nikipita nikakuta watu wamejaa pale naiweka mezani.