Boksi la kujifunzia kudarizi: sindano nzuri, fremu hovyo

Nimelinunua kwa shilingi 35,000 kwenye duka moja la mtandaoni la Dar es Salaam, nauli ya boti hadi Mkoani, Pemba, ikiwa mbali. Mimi nakaa kibanda cha kutuma na kupokea fedha hapa Chake Chake, na baina ya mteja na mteja kuna muda wa kutosha mtu kusinzia. Nikataka kazi ya mkono ambayo naweza kuiweka chini wakati wowote isiharibike. Kwa hilo, kudarizi kumenifaa sana. Boksi lenyewe ndilo lina maneno.

Walichopatia ni vitambaa. Viwili, vyeupe, vimeshachorwa maua kwa wino wa buluu unaotoka kwa maji ya baridi. Kwa anayeanza hapo ndipo penye thamani, maana kuchora ndiko kunakotushinda wengi. Ila karatasi ya maelezo haisemi jambo moja: usipige pasi kabla ya kufua. Joto huugandisha wino, na buluu haitoki tena. Sindano nazo nzuri, nyembamba, tundu refu, uzi unapita bila ya kuulamba lamba. Ukimaliza kazi zichomoe. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, masika yakiingia, sindano ikilala kitambaani unaamka na doa la kutu katikati ya ua.

Sasa fremu. Ni duara mbili za plastiki na skrubu yake, na plastiki inateleza. Unakaza kitambaa mpaka kinalia ukikigonga, unapiga mishono mitatu, kishalegea. Kikilegea uzi unakivuta, ua linakunjamana, na hakuna pasi ya kuliokoa. Shangazi yangu anashona kofia za viua tangu mimi sijazaliwa, na wala hatumii fremu. Hushika kwa vidole na kukunja kadiri anavyosonga mbele. Aliitazama hii yangu akacheka. "Mwanangu, hii ivishe nguo kwanza." Akachana ukanda wa bafta, akauzungusha duara ya ndani yote, akaushikiza ncha kwa mishono miwili. Haijateleza tena. Na bafta yenyewe ni ya mabaki, bure.

Uzi ndio ulionitia hasira. Ni wa nyuzi sita, kama ilivyo kawaida ya uzi wa kudarizi: unakata urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, unachomoa nyuzi mbili, moja moja, kisha unaziweka pamoja. Ukizivuta zote mbili kwa mpigo zinajifunga hapo hapo. Huu wa boksi unatoka manyoya hata uuchomoe kwa adabu, na mwekundu ulichuja nilipofua, ua jeupe la pembeni likawa la waridi. Baya zaidi, hauna namba. DMC, wale Wafaransa watengeneza nyuzi waliopo tangu 1746, kila rangi wameipa namba yake: nyeusi 310, nyekundu 321. Ukiishiwa katikati ya kazi unaagiza namba ile ile. Huu ukiisha, umekwisha. Majani yangu nimeyamalizia kwa kijani cha sokoni Chake, na mwenye macho ataona wapi uzi wa boksi uliishia.

Karatasi ya maelezo ina picha ndogo mno. Mshono wa mnyororo unaeleweka. Kile kifundo cha kuweka kwenye moyo wa ua, hapana. Unazungusha uzi mara mbili kwenye sindano, unaichoma pembeni kidogo ya ilipotokea, si tundu lile lile, na mkono wa pili unaubana uzi mpaka sindano imalize kushuka. Haya nimeyapata kwenye video. Karatasi inaonyesha mishale tu.

Nalipatia boksi hili nyota tatu. Kama uko Unguja na una mtu wa kukuchorea, pita sokoni Darajani ununue kitambaa, sindano na uzi kimoja kimoja, hela itabaki. Kama huna, vile vitambaa vyao vinakufaa, hata ikibidi fremu na uzi uvitie kando. Nimewaandikia kuuliza kama wanauza vitambaa vilivyochorwa peke yake. Tiki mbili za buluu tangu Ijumaa, jawabu hakuna.