Wynwood Walls, Miami: kiingilio kinafaa, lakini usiishie ndani ya geti

Nilipokwenda Wynwood Walls, kiingilio kilikuwa dola 12 kwa mtu mzima, kodi kando, na nililipa kwa moyo mkunjufu. Natanguliza hilo kwa sababu ndugu na marafiki wanaokuja kutembea Florida huniuliza swali lile lile: ya nini kulipia michoro ya ukutani ilhali mtaa wote wa Wynwood umechorwa, na kupita barabarani ni bure? Jibu langu ni kwamba lipa, ingia, zunguka humo bila haraka. Kisha toka nje utembee mtaa wenyewe, maana huko ndiko utakapoelewa ulichokiona ndani.

Kwa asiyepajua, haya ni makumbusho yasiyo na paa. Yako NW 2nd Avenue, kati ya barabara ya 25 na ya 26, kaskazini kidogo ya katikati ya mji. Picha hazina fremu wala vioo. Zimechorwa moja kwa moja kwenye kuta za maghala ya zamani yanayozunguka ua wa nyasi na vijia. Wynwood ilikuwa mahali pa viwanda, maghala na biashara ya nguo. Shughuli hizo zilipodorora, yakabaki majengo mapana na mafupi, yasiyo na madirisha, ambayo wanunuzi wengi wangeyafikiria kwa kubomoa tu. Tony Goldman, mwekezaji wa majengo aliyekuwa ameshashiriki kuinua mtaa wa SoHo kule New York na wa South Beach kule Miami Beach, aliyaona vingine. Kwake, ukuta usio na dirisha ulikuwa turubai iliyo tayari. Mwaka 2009, akishirikiana na Jeffrey Deitch, mtaalamu wa sanaa aliyejijengea jina New York, alifungua mahali hapa kwa kazi za watu kama Kenny Scharf, Futura, Shepard Fairey na ndugu pacha wa Brazil wanaojiita Os Gemeos. Goldman alifariki mwaka 2012. Binti yake, Jessica Goldman Srebnick, ndiye aliyeendeleza kazi.

Nilikwenda na dada yangu na mwanawe wa kiume, na tulifika geti linapofunguliwa tu. Nawasihi mfanye hivyo. Mchana ukishakolea, kila ukuta una foleni ya watu wanaopigana picha, na mchoro wa mita kadhaa hauwezi kuuona ukiwa umebanwa na mabega ya watu. Asubuhi unaweza kurudi nyuma hadi upande wa pili wa ua, ukautazama mzima, halafu ukausogelea mpaka uone mkono wa mchoraji.

Huko kusogea ndiko kulikonipa raha kubwa kuliko yote. Nimekulia Nairobi, na sanaa ya kwanza niliyoipenda ilikuwa ubavuni mwa matatu. Sheria za Michuki za mwaka 2004, zile kanuni za magari ya abiria nchini Kenya, zilipokuja na ule mstari wa njano, michoro ikafifia barabarani, nikajifunza mapema kwamba picha ya mtaani hudumu kwa ridhaa ya mwenye mamlaka. Sasa hapa, nikiwa karibu na ukuta, nilikuwa naona mambo ninayoyajua. Mstari mkali usiotetereka hutoka kwa kopo la rangi ya kupuliza lililoshikwa karibu kabisa na ukuta, mkono ukienda kasi. Kivuli laini kinachopotea kama ukungu hutoka kwa kopo lililo mbali. Midomo ya kopo hubadilishwa kulingana na unene wa mstari, na saruji yenye mikwaruzo hunywa rangi kuliko bati la gari. Kuipata sura ya mtu isipinde kwenye ukuta mrefu kuliko nyumba, ukiwa umesimama juu ya mashine ya kuinulia watu, huoni kazi yote mpaka ushuke urudi nyuma, ni ufundi wa kuheshimiwa. Anayesema haya ni mapambo ya mtaani tu hajawahi kusimama sentimita thelathini kutoka kwenye kazi hizi.

Ukuta wa Shepard Fairey ndio uliotuweka muda mrefu zaidi. Huyu ndiye aliyetengeneza bango la Obama la mwaka 2008, lile lenye uso wa buluu na nyekundu na neno moja chini, ambalo Wakenya wengi tuliliona hata kabla hatujajua jina la aliyelibuni. Hapa Wynwood amefanya kazi kwa wekundu, weusi na rangi ya maziwa, nyuso na mapambo vikipangwa kama mabango yaliyobandikwa bega kwa bega. Miongoni mwa nyuso hizo yumo Tony Goldman mwenyewe, aliyewekwa baada ya kufariki. Njia ya Fairey hutegemea sana stensili, yaani umbo lililokatwa kwenye karatasi kisha rangi ikapulizwa juu yake, ndiyo maana kingo zake zimekatika wazi hivyo. Dada yangu, ambaye si mtu wa sanaa, alisema uso ule unamkumbusha picha za viongozi zinazotundikwa ofisini kwetu nyumbani. Nadhani aliona sawasawa: mwenye kuta ametundikwa ukutani.

Kuna pia milango ya chuma ya maduka, ile inayokunjwa kwenda juu, iliyoongezwa mwaka 2010 na kila mmoja kupewa mchoraji. Wageni wengi niliowaona waliipita haraka, nami naona ndiyo inayostahili dakika zaidi, kwa sababu chuma chenye mikunjo humlazimisha mchoraji kuhesabu kila mkunjo. Na mwaka 2013 kuta zilikabidhiwa wachoraji wanawake peke yao, wakiwemo Lady Pink, mzaliwa wa Ecuador aliyeanza kwa kuandika kwenye treni za New York, Miss Van wa Ufaransa na Faith47 wa Afrika Kusini. Nilifurahi kujua kwamba mwanamke wa Cape Town ameshapita hapa na makopo yake. Natamani siku moja nilete habari kama hiyo ya mchoraji wa Nairobi au wa Dar.

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo sote wakubwa tulikuwa tumelipita. "Mjomba, hawa waliruhusiwa na nani?" Nikamwambia waliitwa na mwenye nyumba, wakalipiwa rangi. "Na wale wa kule nje?" Alikuwa amekwishaona kwenye nguzo na kwenye kuta za nyuma majina yaliyoandikwa haraka haraka, na akili yake imekwishaona tofauti.

Swali hilo lina jibu zito hapo hapo Wynwood. Desemba kila mwaka Miami hujaa watu wa sanaa kwa ajili ya Art Basel Miami Beach, maonyesho yaliyoanza mwaka 2002, na wiki hiyo Wynwood hufurika. Katika wiki hiyo hiyo mwaka 2014, kijana wa miaka 21 aligongwa na gari la polisi mtaani humo alipokuwa akikimbia baada ya kuandika ukutani bila ruhusa. Alifariki siku chache baadaye. Ilikuwa rangi ile ile, na mtaa ni ule ule. Sikumsimulia mtoto yote hayo siku ile, ila namwandikia msomaji kwa sababu sidhani ni haki kusifu mahali hapa bila kulitaja jambo hilo. Ukitaka kuielewa asili ya kalamu hizo zisizoalikwa, kuna Museum of Graffiti jirani kabisa, iliyofunguliwa Desemba 2019, inayosimulia historia ya uandishi wa kuta tangu vijana wa mwanzo wa Marekani. Ni ndogo, ina viyoyozi, na ukiwa na mtoto anayeuliza maswali itakufaa sana.

Sasa tuje nje ya geti, ambako mimi naona ndiko kwenye sehemu ya pili ya makumbusho haya. Kabla ya wachoraji, kabla ya mikahawa ya kahawa ghali, Wynwood ilikuwa mtaa wa watu wa Puerto Rico. Walianza kuhamia kwa wingi miaka ya 1950, na mtaa ukaitwa San Juan Ndogo. Maisha hayakuwa mepesi. Desemba 1990 palizuka ghasia baada ya mahakama kuwaachia huru polisi walioshtakiwa kuhusiana na kifo cha mkazi aliyepigwa, na maduka yakachomwa. Hao ndio waliokuwa majirani wa maghala yale wakati hakuna mtalii aliyethubutu kushuka kwenye gari.

Tembea kaskazini kidogo hadi Roberto Clemente Park. Clemente alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka Puerto Rico aliyekufa tarehe 31 Desemba 1972, ndege yake ilipoanguka akipeleka misaada kwa walioathiriwa na tetemeko la ardhi Nicaragua. Bustani hiyo ina jina lake tangu miaka ya 1970. Tuliketi hapo, mtoto akacheza, wazee wakiongea Kihispania kwenye benchi, na nyuma ya miti yalionekana majengo mapya ya ghorofa yanayopanda. Mwaka 2015 jiji lilibadilisha kanuni za ujenzi za Wynwood ili paruhusiwe nyumba za kuishi na majengo marefu zaidi kwenye eneo lililokuwa la viwanda. Tangu hapo maghala yenyewe yameanza kupungua, na kodi ya pango imewaondoa wengi wa wasanii waliokuja mapema kutafuta nafasi ya bei nafuu, kama ilivyowaondoa wenyeji wengi kabla yao. Rangi iliyopandisha thamani ya ukuta ilipandisha na thamani ya kiwanja chini yake. Mimi napenda michoro hii kwa dhati, na kwa sababu naipenda sitaki isifiwe kana kwamba ilishuka mahali pasipo na watu. Walikuwepo, na baadhi bado wapo mitaa michache tu kutoka ofisi ya tiketi.

Kwa anayetaka kuona wasanii bado wakifanya kazi eneo hilo, kuna Bakehouse Art Complex, kiwanda cha zamani cha mikate kilichogeuzwa studio za wasanii miaka ya 1980, muda mrefu kabla Wynwood haijawa jina la kwenye fulana. Angalia kwanza siku zao za kupokea wageni.

Mambo ya safari, kwa ufupi. Kuegesha gari karibu ni ghali, nasi tuliliacha mbali tukapanda Trolley, basi dogo la jiji lisilotoza nauli, linalofika Wynwood. Ua hauna kivuli cha maana. Beba kofia na maji, na kama ni kati ya Juni na Septemba jua kwamba mvua ya alasiri hupiga ghafla. Mama mwenye mtoto mchanga atasukuma kigari bila taabu, njia ni tambarare. Mkiketi kula mtaani, someni risiti kabla ya kuacha bakshishi. Mgahawa mmoja tuliokula ulikuwa umeshaongeza asilimia 20 ya huduma, na maandishi yake madogo kiasi kwamba dada yangu nusura alipe mara mbili. Chakula cha Kipuerto Rico au cha Kikuba ukitoka nje ya zile barabara mbili tatu za watalii ni bei ya ubinadamu.

Nampa mtu yeyote aliyeko Miami ushauri wa kwenda, mwenye watoto zaidi ya wote. Tenga nusu siku: makumbusho asubuhi, mitaa ya nyuma kabla jua halijawa kali, Clemente Park jioni. Na usiahirishe kwa kudhani picha nilizozieleza zitakusubiri. Kuta nyingi hupakwa upya, hasa kuelekea Desemba, na baadhi ya kazi za mwaka 2009 zilishafunikwa zamani na rangi ya wengine.