Nilivyochorewa ramani ya nyumba ya kiwanja chembamba Chamazi: pesa ilienda wapi

Watu wameniuliza sana huyu kijana aliyenichorea ramani yukoje, basi niandike hapa mara moja nimalize. Kiwanja changu kipo Chamazi, Dar es Salaam, mita 10 kwa 25, kimebanwa na majirani pande zote mbili na mbele kinatazama magharibi. Ukiacha mita moja na nusu kila upande nyumba inabaki na upana wa mita 7, na hizo 7 ni nje kwa nje bado hujatoa kuta.

Hizi ramani zinazouzwa mitandaoni zikiwa tayari zina picha nzuri kweli, paa la kuficha, taa za dari, gari jeupe limepaki mbele. Tatizo nyingi zimechorwa kwa ajili ya kiwanja cha 20 kwa 20 au zaidi, af muuzaji anakwambia "tunaipunguza boss". Kuipunguza maana yake anabana kila chumba, na choo hakibaniki, ngazi haibaniki, kitanda cha sita kwa sita ndo kabisa. Kuna moja nililetewa ya korido katikati, vyumba kulia na kushoto kama zile nyumba za Kiswahili za Magomeni na Kariakoo. Haya tupige hesabu. Mita 7 toa kuta mbili za nje, tofali la inchi 6 na plasta ni kama sentimita 18 kila ukuta, unabaki na 6.64. Toa korido ya 1.2 na kuta zake mbili, kinachobaki gawa kwa mbili, unapata chumba cha mita 2.54. Weka hapo sita kwa sita ambayo ni kama 1.83, imebaki sentimita sabini pembeni mwa kitanda na kabati hujaweka bado. Hapo si chumba tena, hiyo ni behewa.

Kwa hiyo nikaenda kwa huyu kijana wa huku huku mtaani, laki tatu na nusu kwa ramani kamili bila ghorofa. Kilichonifanya nimkubali ni kwamba hakufungua laptop kwanza, alikuja saiti na futi ya chuma, kamba ya manila na mambo (vigingi vya mti) kwenye kiroba. Akapima kiwanja akakuta nyuma ni 9.7 siyo 10, mbele ndo 10, wakati karatasi ya mauziano imeandika 10 kote. Sentimita 30 kwenye kiwanja kikubwa hazina shida ila kwangu ni sehemu ya tano ya njia ya pembeni ya mtu kupita na ndoo.

Af akafunga kamba chini saizi halisi ya jiko, akamwita mama watoto aingie. "Shemeji, jifanye unafungua friji, sasa geuka kwenye sinki." Mama watoto akageuka akasema mbona nagonga ukuta. Akang'oa mambo mawili akasogeza, akamwambia ageuke tena. Jiko lilitoka mita 2.4 likawa 3 hapo hapo juu ya mchanga, majirani wanatucheka dirishani. Mi kwa hilo tu nilishaona hela yangu imefanya kazi maana kwenye karatasi kila jiko linatosha.

Mpangilio wenyewe sasa. Sebule kaiweka mbele imechukua upana wote, korido kaitupa upande mmoja badala ya katikati, vyumba viwili vya watoto nyuma vimekaa ubavu kwa ubavu vina mita 3.2 na ushee kila kimoja. Katikati ya nyumba akaacha uwazi wa mita 2 kwa 2 hauna paa. Hapo tulibishana sana. Mi nikaona ni upotevu wa eneo, mvua ya masika itaingia, nani atadeki. Yeye akasema madirisha yote ya pembeni yanaenda kutazama ukuta wa jirani, na upepo wa kusi jirani ameshaukata, sasa joto la jiko na la korido litatokea wapi? Nikakumbuka nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe, vyumba vyembamba vile kwa sababu ya urefu wa boriti za mikoko, ila katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, kinaleta mwanga na hewa, wazee hawakuwa wajinga. Nikakubali. Jiko, masta (chumba chetu cha kulala), choo na korido vyote vinapumulia hapo. Ila mjue gharama yake, mabati yanakutana kuzunguka ule uwazi kwa hiyo mifereji ya maji ya mvua inaongezeka na sakafu pale lazima iwe na mteremko na bomba la kutolea maji nje, fundi paa wangu alinuna.

Gari nalo. Nilitaka lipite pembeni liende nyuma, akanijibu vizuri tu kwamba hata IST ina upana wa karibu mita 1.7 bila vioo vya pembeni, kwenye njia ya 1.5 itapita vipi. Akaacha mita 6 mbele, linapaki hapo na geti linafunga. Sebule inatazama magharibi kwa hiyo kuanzia saa tisa jua linapiga moja kwa moja, akaongeza kibaraza chenye paa la mita 1.5 mbele ya dirisha kubwa, inasaidia japo ikifika saa kumi na moja jua limeshuka linaingia chini ya paa hivyo hivyo. Pazia zito halikwepeki.

Ghorofa nilimuulizia pia, maana watu wengi wa viwanja vyembamba wanawaza kwenda juu. Hakunidanganya, alisema ngazi peke yake inakula eneo karibu la chumba kidogo chini na juu, na nguzo na nondo zake siyo kazi yake, nitafute injinia aliyesajiliwa. Wapo ambao wangechukua hela tu.

Sasa yaliyoniudhi. Shimo la choo kaliweka mbele ili gari la majitaka livute kirahisi, sawa, lakini choo cha nyuma kiko kama mita 20 kutoka shimo na kwenye ramani kachora mstari tu, hakuna chemba (vishimo vya kukagulia bomba) wala kina. Fundi bomba akaja anataka mteremko wa sentimita 2 kila mita, ni sentimita 40 mpaka mbele, na msingi ulikuwa umeshaanza kuchimbwa. Ikabidi kunyanyua jamvi (zege la sakafu) ili bomba lipate mteremko, tofali na kifusi juu yangu. Ramani ya umeme ilikuwa soketi za kubahatisha, masta ina soketi moja tena nyuma ya mlango. Halafu hana muhuri. Kwa ajili ya kibali cha ujenzi ilibidi michoro ipelekwe kwa mbunifu majengo aliyesajiliwa na bodi yao, ambaye aliirekebisha na kunitoza hela yake tofauti, na kijana hakunitajia hilo tulivyokuwa tunapatana bei. Muulizeni kabla ya kutoa advansi. Na simu zake, akishapokea hela ya mwisho anakuwa mgumu kidogo kupatikana.

Picha ya thri di (3D) ya nyumba anauza elfu themanini pembeni, mi sikuchukua na sijaona pengo lake.

Kwa sasa anamchorea shemeji yangu mwenye kiwanja Kivule, kile kina upana wa mita 8 tu na anataka vyumba vinne. Hapo ndo tutajua kama anajua kweli.