Pontuni kubwa au ndogo? Bado nina hasira na ile kubwa

Wallahi naandika nikiwa bado moto. Huku Minnesota kiangazi kikifika watu ni ziwani tu, basi juzijuzi tukakubaliana tukodi pontuni, ile boti bapa inayoelea juu ya mitungi, pale Ziwa Minnetonka, si mbali na Minneapolis. Mke wangu alitaka ndogo. Mashemeji wakasema kubwa, ile ya mitungi mitatu chini, ili tusibanane, na mashemeji wakishasema ndo imetoka hiyo.

Na kusema kweli kwenye maji raha tupu. Watoto wanakimbia omo mpaka tezi, yaani mbele mpaka nyuma, boti wala haishtuki, sinia la pilau liko katikati limetulia, mama mkwe kalala. Mwaka wa nyuma tulichukua ndogo ya mitungi miwili, tulipofika Big Island, kisiwa cha humo ziwani, wote wakajazana mbele kupiga picha, kumbe boti la mawimbi, lile la kutengeneza mawimbi ya kuchezea, linapita, omo ikainama maji yakapanda deki viatu vikaanza kuelea. Kile kibao cha pale kwenye usukani kinataja idadi ya watu na uzito, sawa, lakini aliyekiandika hajaona masufuria yetu.

Sasa shida ilikuwa kurudi. Upepo ukageuka ukawa unatupiga ubavuni, na pontuni haina mkuku wa maana wa kushika maji, inakaa juu juu, halafu kubwa ina ubavu mrefu na kile kitambaa cha kivuli ndo kinakuwa tanga usiloliomba. Nakata usukani huku inateleza kule. Pale gatini kuna kijana wa kampuni, asubuhi alikuwa mkarimu kweli, hata maboya aliwafunga watoto mwenyewe maana sheria ya Minnesota wa chini ya miaka 10 lazima wavae boti ikitembea, sasa kakunja mikono anatuangalia. Narusha kamba, hadaki. Narusha tena, ananiuliza kwa sauti, mama mkwe anasikia, umewahi kuendesha boti wewe? Mimi! Mtu wa Lamu!

Tukafunga wenyewe. Eti ndo anachuchumaa na simu kupiga picha mkwaruzo kwenye mtungi wa kushoto, anasema ni sisi. Nikainama nikatia kidole, mkwaruzo wenyewe ndani una utelezi wa kijani, mwani umeshaota na kunona humo, sasa mwani gani huo unaota kwa mchana mmoja? Hakujibu, akaingia ofisini, dipoziti ikakatwa.

Kwa hiyo chukueni ndogo. Ndogo ikikataa kuingia gatini mtu mmoja anaivuta kwa kamba kama mbuzi, humuombi mtu. Lakini kama ukoo wenu ni kama wetu hiyo ndogo mtakaa magoti kwa magoti siku nzima na mkipishana na boti la mawimbi mtalowa, hapo sidanganyi mtu. Basi kubwa, ila si siku ya upepo, na si kwa hawa jamaa, na kabla hamjaondoka pigeni picha mitungi yote, lala chini kabisa kwenye mbao kama ni lazima, wacheni wawacheke.

Mama mkwe kashauliza tunarudi lini, anataka ile ile kubwa. Nimemwambia akaongee na yule kijana yeye mwenyewe.