Amplifaya ya besi na muuza duka wa "spika ni spika"

Unayetafuta amplifaya ya besi ya kupigia shughuli ndogo hapa Lamu, harusi ya uani au usiku mmoja wa hoteli Shela, usimwachie muuza duka akuchagulie kabati la pili, yaani sanduku la spika la nje la kuongezea. Mimi nilimwachia. Harusi iko Langoni, watu wameshainuka, wimbo umekolea, besi ikakatika. Taa nyekundu ya ulinzi imewaka, kimebaki kinanda na ngoma, na wimbo usio na besi ni kama wali usio na tui. Dakika kama tano hivi ikarudi yenyewe. Nyimbo tatu, kimya tena. Usiku mzima ulikwenda hivyo.

Nilikuja kuandika kwamba mashine hii ni takataka. Nimeifungua, nimeipima, na siwezi kuandika hivyo. Lakini kuisifu pia bado moyo haujakubali.

Amplifaya yenyewe ni ya sanduku moja, na spika yake ya inchi 12 imo ndani. Mgongoni imeandikwa wati 300, na chini yake, kwa herufi za chungu, kwamba mzigo usishuke chini ya omu 4. Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, na mzigo ni omu za spika zote zikiungwa pamoja; zikipungua, mashine inavutwa mkondo mwingi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa nilikuwa na swali moja tu: hili kabati la nje, lenye spika mbili za inchi 10, ni la omu ngapi? Kibandiko chake kilikuwa kimebanduka. Muuzaji akafungua wavu, akamulika sumaku ya spika kwa simu, akasema, "Nane hiyo, ushaiona kwa macho yako." Kweli imeandikwa 8. Spika ya ndani ya amplifaya nayo ni 8. Nane na nane zikiungwa sambamba ni nne. Hesabu ikakaa, pesa ikatoka.

Kosa lilikuwa pale pale kwenye sumaku. Ile 8 ni ya spika moja, na ndani ya kabati zimo mbili. Zimeungwa sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa hiyo kabati zima ni omu 4. Sasa unga omu 4 sambamba na omu 8 za ndani. Zidisha, upate 32. Jumlisha, upate 12. Gawanya: omu 2.67. Mashine imeandikwa isipewe chini ya nne, na imepewa mbili na ushei.

Ndiyo maana haikufa mara moja, ikawa inakata na kurudi. Wati 300 kwenye omu 4 ni volti kama 35 na ampia kama 8.7. Volti hizo hizo ukizielekeza kwenye omu 2.67, mkondo unapanda hadi ampia 13. Ukipiga taratibu haionekani. Bendi ikipasha, transista za mwisho zinawaka moto, feni inashindwa, saketi ya ulinzi inafunga mlango. Zikipoa, inafungua. Ingekuwa amplifaya isiyo na ulinzi mzuri, zile transista zingeungua na pengine kuondoka na spika. Kwa hilo naitolea kofia. Imejikinga na ujinga ambao haukuwa wake.

Nikampigia simu yule bwana kumweleza kwa adabu: kaka, nimelipima kabati, mita inasoma 3.2, hili ni la omu nne, nibadilishie. Jibu lake: "Mita yako mbovu. Spika ni spika. Kwani huko Lamu mna muziki gani wa kuhitaji omu?" Akakata.

Muziki gani! Chakacha inatembea juu ya besi. Taarabu ya vyombo vya umeme inabebwa na besi. Bango waliyoizoea kina baba zetu Mombasa na Malindi, ondoa besi uone kama saksafoni itasimama peke yake. Na mtu anayeuza vyombo vya muziki katika pwani hii hii anasema maneno hayo kwa mteja aliyemlipa taslimu. Duka silitaji jina, liko Mombasa, nalo linajijua.

Sasa mita. Multimita ya bei ndogo inatosha. Chomoa kabati kwenye amplifaya kabisa, weka mita kwenye omu, kidole kimoja cha mita kwenye ncha ya jeki ya kebo, cha pili kwenye shina lake. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, kwa hiyo itasoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Kabati la omu 8 litasoma kati ya 5.5 na 7. La omu 4 litasoma 3 na kitu. La 16 litasoma kama 11 hadi 13. Ikisoma sifuri kuna waya umegusana, ikikosa kusoma kabisa kuna koili iliyokatika au soketi iliyoliwa na chumvi. Ni kazi ya nusu dakika, na inafanyika dukani mbele ya muuzaji. Akikataa usipime, ondoka.

Nilipoelewa hivyo nikawa na njia mbili, na hapa ndipo hukumu yangu ilipoanza kugeuka.

Njia ya kwanza ni kuziunga upya zile spika mbili za kabati, ziwe mfululizo badala ya sambamba. Waya chanya wa soketi uende chanya ya spika ya kwanza, hasi ya kwanza iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi hasi ya soketi. Kabati linakuwa omu 16. Sambamba na 8 za ndani, mzigo wote ni omu 5.33, na mashine inapumua. Kabla ya kufunga, gusisha betri ya volti 9 kwenye jeki kwa mguso tu, chanya kwenye ncha: koni zote mbili, yaani zile nyuso za spika zinazotikisika, lazima zisukumwe nje pamoja. Moja ikienda nje na nyingine ndani, zinaulana, na kinachopotea kwanza ni besi yenyewe. Rudia jaribio hilo kwa spika ya amplifaya, maana nayo inatakiwa kwenda upande ule ule. Skurubu uzikaze kwa kuvukiana, si kwa mzunguko, na ule mkanda wa sponji chini ya fremu ya spika usiusahau. Hewa ikipenya utasikia kabati linapiga mluzi kwenye noti za chini.

Njia hiyo ni salama, lakini ina udhaifu wake. Katika muungano sambamba mwenye omu ndogo ndiye anayekula zaidi: theluthi mbili za nguvu zinakwenda spika ya ndani, na zile za inchi 10, ambazo ndizo zililipiwa, zinagawana theluthi moja. Kila moja inapata sehemu ya sita. Kwa ua wa nyumba ya mawe Mkomani, ambako kuta nene zinairudisha besi, inatosha. Ukiisogeza amplifaya kwenye pembe ya kuta mbili inatosha na kuzidi, mpaka uanze kuipunguza.

Njia ya pili ndiyo niliyobaki nayo. Spika ya ndani imefungwa kwa kebo fupi yenye plagi ya spika ya kuzungusha (Speakon) inayotokeza nyuma. Chomoa hiyo. Rudisha kabati la nje kwenye uungaji wake wa sambamba, lichomeke peke yake. Omu 4 kamili, wati 300 kamili, na eneo la koni ni kubwa zaidi: spika mbili za inchi 10 zina kama sentimita mraba 690 za kusukuma hewa, ile moja ya inchi 12 ina kama 530. Sauti iliyotoka, wallahi, ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo. Imekaza, inafika nyuma ya ukumbi, kila noti ina umbo lake. Nilimsamehe mtengenezaji siku hiyo.

Kisha nikamkasirikia upya. Kwa nini wati 300 ziandikwe kubwa usoni, wakati mashine kama ilivyotoka kwenye boksi, na spika yake ya omu 8 peke yake, inatoa kama 180? Zile 300 huzipati mpaka ununue kabati jingine. Kijitabu kinasema hivyo, ukurasa wa mwisho. Na kwenye spika ya ndani hakuna popote pameandikwa kwa nje kwamba ni omu 8, lazima uifungue.

Lakini tuwe wakweli. Kutoka wati 180 hadi 300 sikio linapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 2 tu. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, na ili mtu aseme "sasa sauti imekuwa mara mbili" unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo anayekimbilia namba ya wati na kuacha kuangalia spika amekimbia upande usio wake. Ampeg, watengenezaji wa amplifaya za besi, walipotoa SVT mwaka 1969 kwa majukwaa makubwa ya Marekani, kichwa chake cha valvu, yaani amplifaya tupu isiyo na spika, kilikuwa cha wati 300. Mia tatu tu. Lakini kilifungiwa makabati yenye spika nane nane za inchi 10.

Kwa bendi ya kwetu nasema hivi. Kinanda, ngoma za mkono, mwimbaji mmoja na ukumbi wenye kuta: wati 100 hadi 150 za kweli na spika moja ya inchi 12 au 15 zitakutosha. Kukiwa na dramu za fimbo na gitaa mbili, usiteremke chini ya wati 300 kwenye omu 4 na spika mbili. Ufukweni au juu ya dari lililoezekwa makuti, hata hizo zitahangaika. Huko hakuna ukuta wa kurudisha kitu, na kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6. Hapo toa laini ya besi kutoka nyuma ya amplifaya hadi kwenye miksa, spika kubwa za ukumbi zifanye kazi, na amplifaya ibaki ya kujisikilizia.

Na kile kitufe cha besi, jamani, kisizidi katikati. Waya mnene wa gitaa la nyuzi nne unalia Hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Ukikizungusha kitufe mpaka mwisho umeongeza desibeli 12 au zaidi huko chini, na desibeli 12 ni wati mara kumi na sita. Amplifaya inaishiwa nguvu kwa sauti ambayo hata sikio haliishiki vizuri. Unachotaka wasikilizaji wasikie kiko kati ya Hezi 200 na 800. Pandisha kidogo kitufe cha sauti za kati, teremsha kidogo cha sauti za chini, utajiona umeongeza wati bila kununua chochote.

Kebo ya spika isiwe kebo ya gitaa, hata kama jeki ni ile ile. Ya gitaa ina uzi mwembamba katikati, inapata moto na inaweza kuungana ndani. Chukua waya wa nyuzi mbili, milimita mraba 1.5 kila mmoja, au 2.5 kama ni mrefu. Ekstensheni ya umeme nayo ni hivyo hivyo. Mita 50 za waya wa 0.75 zikibeba ampia 10 zinameza volti kama 24 njiani, na jenereta ya shughuli mara nyingi yenyewe haifiki 240. Amplifaya inaanza kukoroma, mpiga besi analaumiwa. Anayekata pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo unyamaze anaweza kumuua mwimbaji aliyeshika maiki na mkono wa jasho. Sitaki kuona hilo jukwaani tena.

Feni ya mashine hii inavuta hewa kwa nyuma. Chumvi na mchanga wa Shela vinakaa kwenye mapezi ya alumini yanayopoza transista. Ichomoe, iache saa kadhaa capacita, zile zinazohifadhi umeme ndani, zimwage umeme wake, kisha brashi laini, huku umeshika feni isizunguke. Ikisafiri kwa boti kutoka Mokowe, turubai chini na juu, si juu tu.

Nyota ngapi? Mashine ningeipa nne, nikikumbuka maandishi yake ya wati naondoa moja, nikiisikia kwenye lile kabati nairudisha. Duka silipi hata nusu. Pesa ya kabati hawakurudisha, kubadilisha walikataa, na sasa kila shughuli hamali analipwa kubeba vitu viwili, huku spika ya inchi 12 nzima imo ndani ya sanduku, haijaungwa popote. Nikipata kichwa kitupu cha wati 300, kisicho na spika, nitaiuza amplifaya nzima kwa mtu wa taarabu ya uani. Itamfaa sana. Mradi asiongeze kabati kabla hajalipima.